Kichocho: Damu Kwenye Mkojo Si Dalili ya Kukua

Mvulana wa miaka kumi na mmoja anatoka kuogelea bwawani, anasimama kando ya kichaka kukojoa, na matone ya mwisho yanatoka mekundu. Hashtuki. Kaka yake alitokwa na mkojo kama huo, na wenzake wawili darasani pia. Akifika nyumbani hasemi kitu, kwa kuwa maumivu ni madogo na kesho atataka kurudi kuogelea.

Katika sehemu nyingi za Afrika zenye ugonjwa huu, damu hiyo iliwahi kuchukuliwa kuwa ishara kwamba mvulana anabalehe. Hiyo si kweli. Mkojo wenye damu si hatua ya kukua, si matokeo ya kula viazi vitamu, na si jambo la kungojea lipite lenyewe. Katika Kaunti ya Kwale, mara nyingi mtoto wa aina hii ana kichocho, ugonjwa ambao wengine huuita bilhazia.

Jina hilo la pili linatokana na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyewagundua minyoo wanaousababisha alipokuwa akifanya kazi mjini Cairo mwaka 1851. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 duniani walihitaji dawa ya kuzuia kichocho, wengi wao wakiwa Afrika. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho nchini Kenya hupatikana zaidi kando ya Ziwa Victoria. Kilichoenea pwani ni kichocho cha mkojo, na ndicho kinachoelezwa katika somo hili.

Kichocho kinavyosafiri

Mkazi anayeielewa safari ya mdudu huyu ataelewa pia mahali pa kumkatia njia.

1. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini au ukingoni mwa maji. Mkojo wake una mayai ya minyoo ambayo hayaonekani kwa macho.

2. Mayai yakifika kwenye maji yasiyo na chumvi, yanaanguliwa. Kijidudu kinachotoka kina muda wa takriban siku moja tu kumpata konokono anayemfaa. Asipompata, kinakufa.

3. Konokono huyo ni mdogo, wa jamii iitwayo Bulinus, na huishi katika mabwawa, malambo, mito inayokwenda polepole na mashamba ya mpunga. Ndani yake kijidudu huzaana kwa majuma kadhaa, na kutoka kwa kimoja wanaweza kupatikana maelfu.

4. Vijidudu vipya hutoka kwa konokono na kuogelea, hasa jua la mchana linapokuwa kali. Vikigusa ngozi ya mtu huipenya kwa dakika chache. Si lazima mtu anywe maji hayo, wala si lazima awe na kidonda. Kusimama majini ili kuchota, kufua au kuvua kunatosha.

5. Mwilini vijidudu hukua na kuwa minyoo, dume na jike, na kukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo pamoja na damu. Mengine hukwama ndani ya mwili.

Madhara makubwa ya kichocho huletwa na mayai haya yanayokwama. Mwili hujaribu kupambana nayo, na mahali yalipo hutokea uvimbe na makovu. Minyoo yenyewe inaweza kuishi mwilini miaka mitatu hadi kumi, na wakati mwingine zaidi.

Bahari haina kichocho, kwa sababu konokono huyu haishi katika maji ya chumvi. Anayeogelea baharini Diani au Msambweni hawezi kuambukizwa huko. Hatari iko katika maji yasiyo na chumvi yaliyo nyuma ya pwani.

Dalili na madhara

Dalili inayojulikana zaidi ni damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa. Nyingine ni maumivu wakati wa kukojoa, haja ya kukojoa mara kwa mara, maumivu ya chini ya tumbo na uchovu. Mtoto mwenye kichocho cha muda mrefu anaweza kupungukiwa damu, kudumaa na kushindwa kufuatilia masomo. Wako pia watu wenye kichocho ambao mkojo wao unaonekana safi kabisa, kwa sababu damu ni kidogo mno kuonekana bila kipimo.

Ugonjwa usipotibiwa kwa miaka mingi, makovu ya kibofu yanaweza kuziba njia ya mkojo na kuharibu figo. Unaweza pia kusababisha saratani ya kibofu. Mtu mzima anayefika hospitali na figo zilizoharibika huenda aliambukizwa akiwa mtoto wa shule ya msingi, wakati ambapo dawa ya siku moja ingemtosha.

Kichocho cha wanawake na wasichana

Sehemu hii ya ugonjwa haizungumzwi sana, na kimya hicho kinawaumiza wengi.

Kwa mwanamke, mayai ya kichocho huweza kukwama katika uke, mlango wa uzazi na sehemu nyingine za via vya uzazi. Anaweza kupata mwasho, maumivu ya nyonga, uchafu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au kutokwa na damu baada yake. Wengine hupata shida ya kushika mimba au mimba kutungwa nje ya mfuko wa uzazi. Vidonda hivi pia huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Dalili hizi zinafanana sana na za magonjwa ya zinaa. Mwanamke anaweza kutibiwa zinaa mara mbili au tatu bila nafuu, kwa kuwa dawa za zinaa haziui minyoo ya kichocho. Wakati huo huo nyumbani maneno yanaanza. Mume anamshuku mkewe, mke anamshuku mumewe, na mama mkwe anauliza kwa nini hakuna mtoto. Msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume anaona haya kumweleza hata mama yake mzazi, akihofia atakavyofikiriwa. Wote hao huenda wanateseka kwa ajili ya maji waliyokuwa wakifulia nguo.

Jambo moja linafaa kukumbukwa na mgonjwa na mhudumu wa afya pia: maji ya zamani yana maana. Mwanamke anaweza kuwa anaishi Ukunda leo, anafanya kazi hotelini na ana mfereji uani, lakini alikulia Kinango akichota maji lamboni, au Msambweni akipanda mpunga na nyanya yake. Makovu ya mayai ya wakati ule yanaweza kuwa bado yamo mwilini. Kwa hiyo mwanamke mwenye dalili hizi aeleze alikokulia na maji aliyotumia, hata kama hajaulizwa. Kauli fupi inatosha: "Nilikuwa nikioga na kufua bwawani nilipokuwa mdogo, naomba nipimwe kichocho."

Wanaume nao hawajasalimika. Kichocho kinaweza kuleta damu katika manii na maumivu ya nyonga, na mwanamume mwenye dalili hizo anapaswa kupimwa vilevile.

Kupimwa na kutibiwa

Kipimo cha kawaida ni cha mkojo. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa wakati huo ndio bora, hasa matone ya mwisho. Mtaalamu wa maabara huuchuja na kuuangalia kwa hadubini. Mkojo unaweza pia kupimwa damu isiyoonekana kwa kijiti maalumu. Kwa mwanamke, mkojo usio na mayai hauondoi uwezekano kwamba mayai yako katika via vya uzazi. Huenda akahitaji kuchunguzwa mlango wa uzazi.

Dawa ni prazikwanteli. Ni vidonge vinavyomezwa kwa siku moja, na idadi yake hutegemea uzito wa mtu. Shuleni, ambako mizani ni shida, watoto hupimwa urefu kwa ubao wenye alama zinazoonyesha idadi ya vidonge. Ni vizuri kula kabla ya kumeza. Baadhi ya watu huumwa tumbo, huhisi kichefuchefu au kizunguzungu kwa saa chache. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe, na anayezidiwa arudi kwa mhudumu wa afya.

Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo mpya. Zamani kampeni za dawa ziliwalenga hasa watoto wa shule. Sasa inashauriwa kwamba mahali ambapo mtu mmoja au zaidi katika kila kumi ana kichocho, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo watu wazima, akina mama wanaonyonyesha, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Kwa watoto wadogo zaidi, kuna kidonge maalumu ambacho majaribio yake yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kukikubali.

Mtu asinunue dawa hii na kumeza kwa kukisia. Kipimo cha dawa kikipungua, minyoo hubaki.

Somo lililotoka Msambweni

Kwale inajulikana na watafiti wa kichocho duniani kote. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1992, wataalamu wa Wizara ya Afya wanaoshughulikia magonjwa yanayoenezwa na wadudu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, waliwapima na kuwatibu wanafunzi wa shule za eneo la Msambweni mwaka baada ya mwaka. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Damu kwenye mkojo ilipungua, na madhara ya kibofu yaliyoonekana kwa ultrasaundi yalipungua pia. Ilidhihirika kwamba mtoto akitibiwa mapema, mwili wake unaweza kujirekebisha.

Lakini jambo la pili lilionekana pia. Watoto waliopona waliambukizwa tena, na hatari hiyo ilitofautiana kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Utafiti wa baadaye katika kijiji cha Milalani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba maambukizi mazito yalikusanyika karibu na bwawa lenye konokono. Mtoto alimeza dawa shuleni, kisha akarudi kwenye maji yale yale.

Hili halina maana kwamba dawa haifanyi kazi. Dawa humtibu mtu, haiyatibu maji. Tena prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga huponyoka. Ndiyo sababu mtoto aliyemeza mwaka jana hapaswi kuachwa mwaka huu, na ndiyo sababu mtoto ambaye haendi shule hapaswi kusahaulika. Mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni, ulioanza kutekelezwa kwa upana mwaka 2012, uliwafikia wengi. Hata hivyo mama anayefua, mkulima wa mpunga na kijana anayechunga ng'ombe hawapatikani darasani. Wakibaki bila dawa, mkojo wao unaendelea kupeleka mayai majini.

Ukame nao usiwadanganye wakazi. Bwawa linapokauka, konokono hawa wanaweza kujificha ndani ya tope na kuamka mvua zinaporudi. Bwawa lililojaa upya baada ya masika au vuli si bwawa jipya.

Yanayowezekana nyumbani na kijijini

Ni rahisi kumwambia mtu asiingie bwawani. Kwa familia ambayo bwawa ndilo maji yake ya pekee, ushauri huo peke yake haufai kitu. Yafuatayo yanaweza kufanyika huku kijiji kikiendelea kudai maji safi.

Kila nyumba iwe na choo, na kila anayekwenda shambani au machungani ajizoeze kukojoa mbali na maji. Mayai yakianguka mahali pakavu, safari yake imeishia hapo.

Maji ya bwawani ya kuogea yahifadhiwe ndani ya mtungi uliofunikwa na usio na konokono kwa siku mbili kamili. Vijidudu vya kichocho hufa vikikosa mtu wa kuingia. Kuyachemsha huviua papo hapo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa vyovyote vile, kwa sababu siku mbili za mtungini haziui viini vya kipindupindu na kuhara.

Nguo zifuliwe mahali pakavu kwa karai na ndoo, badala ya mfuaji kusimama majini. Anayelazimika kuingia, kwa mfano mkulima wa mpunga, avae viatu vya mpira virefu kama anavyo, aepuke saa za jua kali, na ahakikishe anapimwa kila mwaka. Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kutoka majini si kinga ya kutegemea.

Watoto watafutiwe mahali pengine pa kucheza. Anayeishi karibu na pwani ana bahari, mradi awe na mtu mzima wa kumwangalia.

Majirani wa ng'ambo wameonyesha kwamba juhudi za pamoja huleta matunda. Kisiwani Pemba, kinachotazamana na pwani ya Shimoni na Vanga, kichocho cha mkojo kiliwahi kuwa kwa zaidi ya nusu ya watoto wa shule. Kwa miaka mingi Zanzibar imegawa dawa kwa jamii nzima na kupanua huduma ya maji ya mfereji. Kati ya mwaka 2011 na 2017 yaliongezwa majaribio mengine mawili: kuua konokono katika maeneo sugu, na kuwashirikisha wanakijiji wenyewe kubuni njia za kubadili mazoea. Vilijengwa vyoo vya kukojolea na majukwaa ya kufulia, na walimu wakawafundisha watoto michezo isiyohitaji kuingia majini. Maambukizi yalishuka sana, ingawa bado yapo maeneo yanayohitaji kuangaliwa. Yote hayo yalifanyika katika vijiji vinavyolima mpunga na kuvua samaki kama vya Kwale.

Pa kuanzia

Mlango wa karibu ni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Septemba 2023 uliwapa wahudumu hawa mikoba ya vifaa, na kazi yao ni kutembelea nyumba na kuwaelekeza wagonjwa zahanati. Mzazi amweleze bila kificho kama mtoto anakojoa damu.

Hatua inayofuata ni zahanati au kituo cha afya. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na huduma za msingi katika ngazi hizi hugharamiwa na hazina ya serikali kwa aliyejisajili. Kujisajili kunawezekana kwa simu ya kawaida kwa kupiga *147#, ukiwa na nambari ya kitambulisho. Ni vyema kufanya hivyo mtu akiwa mzima, badala ya kusubiri siku ya ugonjwa.

Mgonjwa mwenye dalili za figo, mkojo unaoziba, au mwanamke anayehitaji uchunguzi zaidi, hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali kama vile ya Msambweni. Barua hiyo na kadi za matibabu ya awali zitunzwe, ili mgonjwa asianze upya kila anapofika kwa daktari mwingine.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji hiki, watu hugusa maji ya bwawa, lambo au mto wapi hasa, na kwa kazi gani?
2. Ni nani ambao dawa ya shuleni haiwafikii, na watafikiwa vipi?
3. Wasichana wenye dalili walizozionea haya wanaweza kumwendea nani hapa kijijini?
4. Je, pana mahali karibu na maji ambapo choo au jukwaa la kufulia linaweza kujengwa, na ombi hilo litapelekwa lini kwenye kikao cha wadi cha maoni ya bajeti?

Swali la tano ni la kila mzazi akiwa nyumbani, naye aliulize leo jioni bila ukali wala kicheko: "Mwanangu, mkojo wako ukoje?"